Kofia na Ukosi wa Dohani: Suala la Moshi na Mvua Jikoni Msowero

Katika sehemu kubwa ya Tanzania paa hudhaniwa kuwa na kazi moja tu, nayo ni kuzuia mvua na jua visimfikie mwenye nyumba. Fikra hiyo yatosha kwa chumba cha kulala au kwa ghala. Kwa jiko la kuni haitoshi hata kidogo, kwa sababu paa la jiko lina kazi mbili zinazopingana: linapaswa kuzuia maji yasiingie, na papo hapo kuruhusu moshi utoke. Fundi anayeimudu kazi ya kwanza na kuisahau ya pili humjengea mpishi chumba cha moshi. Anayeimudu ya pili na kuisahau ya kwanza humjengea dohani ambayo itang’olewa mara masika yatakapoanza.

Suala hili linaweza kutazamwa vizuri katika kata ya Msowero, wilayani Kilosa, kandokando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini. Hapa ni nchi ya mahindi, mpunga na mkonge, ambako mvua ya masika hunyesha kwa nguvu kati ya Machi na Mei. Nyumba za matofali ya kuchoma na bati la migongo zimekuwa nyingi, ingawa paa za nyasi bado zipo. Jiko aghalabu ni kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, na nishati yake ni kuni. Wilaya ya Kilosa inafahamika kwa mkaa wake, na tangu mwaka 2012 mradi wa uvunaji endelevu wa mkaa umeendeshwa katika baadhi ya vijiji vyake. Lakini mkaa huo kwa sehemu kubwa hupikia miji. Kijijini hupikwa kwa kuni, na moshi wa kuni humpata anayezichochea.

Madhara ya moshi huo si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 uchafuzi wa hewa ya majumbani, unaotokana na nishati za kupikia kama kuni, mkaa, kinyesi cha ng’ombe na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Magonjwa yanayohusika ni nimonia ya watoto, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani ya mapafu. Ubaya wa masizi ulianza kutambuliwa zamani. Mwaka 1775 tabibu Mwingereza Percivall Pott alieleza kwamba vijana waliofanya kazi ya kusafisha dohani za London walipatwa baadaye na aina ya saratani iliyotokana na masizi yaliyoganda mwilini mwao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuhusishwa wazi na kazi ya mtu. Mama anayepika uji wa watoto 300 katika jiko la shule lisilo na dohani naye yumo kazini, na masizi yaliyoko ukutani mwake yatosha kuwa ushahidi.

Hapana budi kueleza kwanza jinsi dohani inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba moshi hupanda kwa desturi yake tu. Moshi hupanda kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi inayoizunguka. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 27 za Selsiasi, yaani kelvini 300, na mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina kilo 1.1. Tuseme pia kwamba hewa ndani ya dohani ina nyuzi 177, yaani kelvini 450. Kwa kuwa uzito wa ujazo ule ule wa hewa hupungua kadiri joto linavyozidi, mita moja ya ujazo ya hewa ya dohani itakuwa na kilo 0.73 hivi. Tofauti ni kilo 0.37. Katika dohani yenye kimo cha mita 4, tofauti hiyo, ikizidishwa kwa kimo na kwa mvutano wa dunia wa 9.8, hutoa kanieneo ya paskali 14.5.

Paskali 14.5 ni nguvu ndogo mno. Ni sawa na uzito wa tabaka la maji lenye unene wa milimita moja na nusu. Hata hivyo, ndiyo nguvu yote iliyopo ya kuutoa moshi jikoni, na kila kosa la ujenzi huipunguza. Dohani ikiwa fupi kwa nusu, nguvu nayo hupungua kwa nusu. Hewa ya dohani ikipoa hadi nyuzi 60, kwa sababu ya kuni mbichi au kwa sababu ya hewa baridi kuingia ovyo mdomoni mwa jiko, nguvu hushuka hadi paskali 4 hivi. Kwa hiyo bomba lililosimamishwa juu ya mafiga matatu yaliyo wazi halifanyi kazi yoyote ya maana, maana humeza hewa baridi ya chumba na kuuacha moshi pembeni. Jambo hili lilifafanuliwa vyema na Count Rumford, mwanasayansi mzaliwa wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1796 kuhusu meko za Uingereza: alipunguza upana wa koo la dohani, na moshi ukaacha kurudi chumbani. Jiko la kuni lenye dohani sharti lizibwe pembeni, na sufuria au chungu kikae sawasawa kwenye tundu lake.

Hayo ya chini yameandikwa na kufundishwa mara nyingi, na miradi mingi ya majiko banifu imeyazingatia. Yaliyopuuzwa ni ya juu. Mtaalamu hupima mlango wa kuni kwa sentimita, akachagua udongo, akachanganya na pumba. Kisha bomba linapofika kwenye bati huachiwa fundi yeyote aliye karibu, naye hutoboa tundu, hulipitisha bomba, na kumwaga saruji kuzunguka. Hapo ndipo kazi nzima inapoharibika.

Yafaa kutazama hesabu ya mvua. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 lina mdomo wa sentimita za mraba 177. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 50 utaingiza ndani ya bomba hilo, likiwa halina kofia, maji kiasi cha lita 0.9. Maji hayo huchanganyika na masizi, huwa machungu kama siki, na huila chuma kwa kutu. Ni hasara, lakini hasara ya kadiri. Sasa yatazamwe maji ya paa lenyewe. Tundu la upana wa sentimita 20 lililoko mita 2 chini ya kilele cha paa hupokea maji ya eneo la mita za mraba 0.4 lililo juu yake. Kwa mvua ile ile ya milimita 50, hayo ni lita 20, yaani ndoo nzima, inayoshuka kwenye migongo ya bati na kugonga bomba. Kama hakuna kitu cha kuyapitisha pembeni, ndoo hiyo humwagikia juu ya jiko la udongo, na jiko la udongo lililolowa hubomoka.

Ndiyo sababu dohani inahitaji vipande viwili vya bati, kila kimoja na kazi yake: kofia juu ya mdomo, na ukosi mahali bomba linapotokea paani. Ukosi, kama ulivyo ukosi wa shati, huzunguka shingo. Ni bati bapa lenye koni katikati, na bomba hupita ndani ya koni bila kubanwa.

Kanuni ya ukosi ni moja tu, nayo ni ile ile ya makuti na ya vigae: cha juu kikilalie cha chini. Ukingo wa juu wa ukosi sharti uingie chini ya bati lililoko juu yake, na ukingo wa chini ukae juu ya bati linalofuata. Fundi akiupigilia ukosi wote juu ya bati, maji yatapenya kwenye ukingo wa juu, hata angepaka lami kiasi gani. Kwa kuwa si rahisi kuingiza kitu chini ya bati refu lililokwisha pigiliwa, ni busara bomba litokee karibu na kilele cha paa, ili ukosi ufike mpaka chini ya kofia ya paa. Mahali hapo pana faida nyingine mbili: maji ya paa yaliyo juu yake ni machache, na bomba halihitaji kurefushwa sana ili kupita kilele. Pembeni, ukosi uikalie angalau mgongo mmoja na nusu wa bati. Misumari ipigwe juu ya mgongo, si katika bonde linalopitisha maji.

Kuhusu saruji, mwanafunzi aliyesoma sura ya kutanuka kwa vitu anaweza kumsahihisha fundi wake. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 4 likipata joto la nyuzi 200 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, litarefuka kwa milimita 9.6, karibu sentimita moja, na jioni litarudi. Saruji iliyoko paani haipati joto hilo, wala haiwezi kulifuata bomba katika safari yake. Hupasuka, na ufa wake ni njia ya maji. Dawa yake ni kuacha bomba liwe huru: ukosi ufungwe kwenye paa peke yake, na juu kidogo ya koni ifungwe pete ya bati iliyoshikamana na bomba peke yake, ikiifunika koni kama mwavuli. Bomba hupanda na kushuka, pete hupanda na kushuka pamoja nalo, na maji hayapati pa kuingilia. Gundi ya silikoni inayostahimili joto hutiwa kati ya pete na bomba, si kati ya bomba na koni.

Kofia nayo ina hesabu yake. Ikikaa chini mno hukaba koo la dohani, na moshi hurudi kwa mpishi. Eneo la mdomo wa bomba lenye kipenyo d ni pai mara d kipeo cha pili, gawanya kwa 4. Eneo la mwanya ulio kati ya mdomo na kofia ni pai mara d mara kimo cha mwanya. Maeneo haya mawili huwa sawa kimo kikiwa robo ya d. Kwa bomba la sentimita 15, basi, mwanya usiwe kamwe chini ya sentimita 3.75, na kwa kuwa moshi hugeuka unapotoka na masizi huganda, yafaa uwe sentimita 8 hadi 10. Upana wa kofia uwe maradufu ya ule wa bomba ili mvua ya upepo isiingie. Wavu wa kuzuia ndege na popo unaruhusiwa, mradi matundu yake yasiwe madogo kuliko sentimita moja na robo, na usafishwe kila mara, maana wavu ulioziba kwa masizi ni mbaya kuliko mdomo ulio wazi.

Kimo cha mdomo pia kina kanuni inayotumika katika nchi nyingi: dohani ipite paa kwa sentimita 90 angalau, na iwe juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60. Vinginevyo upepo unaogonga paa huushindilia moshi chini, na zile paskali 14.5 hazina nguvu ya kushindana nao. Bomba refu lifungwe kwa nyaya tatu.

Tahadhari ya mwisho ni ya moto. Bati haliungui, lakini papi na kenchi huungua. Bomba la ukuta mmoja lisikaribie mbao zisizokingwa kwa chini ya sentimita 45. Kwa hiyo lipitishwe katikati ya papi, si kandokando yake. Kipande kilicho karibu kabisa na moto kisiwe cha bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki huharibika kwa joto kali, na huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Na paa la nyasi lisipitishwe bomba hata kidogo. Huko dohani hujengwa kwa matofali nje ya ukuta, mbali na ukingo wa nyasi, au jiko lihamishiwe chini ya bati.

Zipo hoja tatu zinazotolewa kupinga juhudi hizi, na kila moja yastahili jibu la haki.

Ya kwanza ni ya wazee. Husema kwamba moshi una faida: hukausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko, hufukuza wadudu, na hulinda miti ya paa. Hoja hii si ya ujinga. Gunzi lililofukizwa haliliwi upesi na fukusi, na familia inayopoteza mbegu hupoteza mwaka. Lakini mbegu yaweza kukingwa kwa njia nyingine, kwa kukaushwa vizuri na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa, na Kilosa ni wilaya yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambako mahindi yamechunguzwa kwa miongo mingi. Mapafu ya mtoto hayana ghala la akiba. Anayetaka kuondoa moshi jikoni hana budi kushughulikia kwanza suala la mbegu, ama sivyo watu watalikataa bomba lake kwa sababu ya maana.

Ya pili ni ya watunga sera. Tarehe 8 Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa nini basi kuhangaika na dohani? Lengo hilo ni jema, na hakuna dohani inayolingana na gesi au umeme. Lakini hata lengo likitimia kikamilifu, asilimia 20 watabaki, na ni rahisi kukisia kwamba wengi wao watakuwa vijijini. Na kabla ya mwaka 2034 watoto wengi watazaliwa na kubebwa mgongoni jikoni. Bati la ukosi na kofia hukatwa na fundi bati kwa mkasi na nyundo katika siku moja. Kumnyima mpishi kitu hicho leo kwa sababu kesho ataletewa gesi ni kumwambia mgonjwa asinywe maji mpaka daktari afike.

Ya tatu ni ya wanasayansi wenyewe, nayo ndiyo nzito. Huko Guatemala, watafiti walioongozwa na Kirk Smith waligawa majiko yenye dohani kwa bahati nasibu miongoni mwa kaya 534, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kaboni monoksidi waliyovuta watoto ilipungua kwa nusu hivi. Nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja. Lakini nimonia kwa ujumla haikupungua kiasi cha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Dohani, kwa maneno mengine, huutoa moshi nje, haiuui. Sehemu yake hurudi kupitia dirishani, na sehemu huenda kwa jirani. Funzo lake ni kwamba dohani iliyo nusu kazi haitoshi. Ikiwa dohani nzima huleta faida ya kadiri, dohani fupi, iliyokabwa na kofia, au iliyong’olewa kwa sababu ya kuvuja, haileti faida yoyote. Uzito wa hoja hii waongeza, wala haupunguzi, sababu za kuijenga kwa usahihi, kutumia kuni kavu, na kuiona kuwa hatua ya kati.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG lilifanya kazi na wananchi wa Kajiado na magharibi mwa Kenya katika kupunguza moshi majumbani. Jambo la kuigwa katika kazi hiyo ni kwamba akina mama walishiriki kuamua umbo la vifaa vilivyowekwa majumbani mwao, na vipozamoshi vya bati vilitengenezwa na mafundi wa huko huko. Kilosa haikosi uwezo kama huo. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Mikumi, chuo cha ualimu kipo Ilonga, na mafundi bati wanaotengeneza ndoo, karai na mifereji wapo katika kila gulio.

Yanayotakiwa si makubwa. Kila bajeti ya jiko la shule iorodheshe kofia, ukosi na pete kama sehemu za jiko, wala si kama mapambo ya kuongezwa pesa zikibaki. Mradi wowote unaogawa majiko ukaguliwe baada ya masika, si baada ya sherehe ya uzinduzi, kwa sababu mvua ndiyo mkaguzi wa kweli wa dohani. Na mafunzo ya fundi bati yajumuishe ukosi wa bomba, kwa vipimo.

Shule za sekondari zina nafasi ya pekee. Fizikia ya sekondari inazo sura za kutanuka kwa vitu, kanieneo na usafiri wa joto, na aghalabu hufundishwa kwa mifano ya reli na vipimajoto ambavyo mwanafunzi hajapata kuvishika. Jiko la shule liko hatua chache kutoka darasani. Wanafunzi wapime kimo cha bomba lake na mwanya wa kofia yake. Wapige hesabu ya paskali zake. Wapande ngazi wakati jiko limepoa, chini ya uangalizi wa mwalimu, waone kama ukosi umeingia chini ya bati au umelala juu yake. Kisha wamweleze mkuu wa shule kwa maandishi waliyoyaona. Wakikuta hakuna bomba kabisa, hilo nalo ni jibu, na mpishi atakuwa wa kwanza kulithibitisha.